Nilimwambia Amebaki Arobaini na Sita

Eldama Ravine, 3 Oktoba 1988

Kwa Mama Shivachi wa ukurasa wa ushauri,

Leo ni miaka kumi na saba na miezi miwili tangu niondoke Kibera, na kwa miaka sita ya mwisho nimekuwa nikisoma ukurasa wako kila gazeti linapofika huku, nikiwacheka kimoyomoyo wazee wenzangu wanaokuandikia habari za wake zao, na sasa zamu yangu imefika, nami naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni Mnubi wa Makina, mtaa wa Kibera, Nairobi. Babu yangu alikuwa askari, na alipoachishwa bunduki alionyeshwa mahali pa kujenga, akajenga, asipewe karatasi yoyote. Pale nilizaliwa, nikaoa, nikamzaa Zeinabu. Jioni na siku za mapumziko nilikuwa mwenye chaki katika mchezo wa vishale, na kwa kuwa huenda hujawahi kuuona nitakueleza: kila mchezaji huanza na alama mia tano na moja, hurusha vishale vitatu kwa zamu kwenye ubao wenye namba, alama alizopata hutolewa, na ili ashinde lazima afike sifuri kamili kwa kishale kilichopiga dabo, yaani ule utepe mwembamba wa ukingoni unaozidisha namba mara mbili. Aliyebaki na thelathini na sita hutafuta dabo ya kumi na nane, basi. Mwenye chaki husimama kando ya ubao, hutoa, huandika kwenye ubao wake mweusi. Mchezaji akimuuliza amebaki ngapi, lazima ajibiwe kweli, na akisharusha tena juu ya namba iliyoandikwa, namba hiyo haibadilishwi hata ikiwa na kosa.

Kawangware na Kibera ilikuwa desturi chaki apewe Mnubi, kwa sababu sisi Waislamu hatukunywa, na kufikia saa kumi jioni hapakuwa na mwingine ukumbini ambaye hesabu yake ingeaminika. Nilikuwa na rafiki niliyejuana naye miaka kumi na mmoja, Gerishon Kihara wa Kabiro, kulekule Kawangware, mwenye ploti tatu za ardhi alizorithi kwa baba yake, mrushaji hodari kuliko wote niliowaona, lakini mtu asiyejisumbua kuhesabu. "Macho yangu ni ya ubao," alikuwa akisema. "Hesabu ni ya Nasir."

Julai 1971 yakaja mashindano ya ubingwa ya wachezaji wa kulipwa, ya kwanza kwetu, na bingwa angeandikwa kazi ya kucheza, apelekwe miji yote hadi ng'ambo. Fainali ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Kawangware, kati ya Kihara na Munyao, fundi wa reli. Alhamisi ya wiki hiyohiyo sisi wa upande wetu wa Makina tulikuwa tumeletewa notisi ya kuhama ili mtaa mpya ujengwe.

Kihara aliingia amevaa suti, akaniona kando ya ubao, akapaza sauti: "Nasir! Nasikia wamekupea notisi! Wacha kununa, wewe. Hiyo chaki ndio shamba yako sasa. Lima!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Thuo, mwenye baa, akaongeza, "Na akumbuke kupalilia!"

Najua leo kwamba alikuwa akinifariji, kwa namna ya watu wa baa, ambao hawawezi kukuambia pole bila kukutania, lakini siku ile nilisikia tu mtu mwenye ploti tatu akimcheka asiye na hata moja, na nikacheka pamoja nao.

Walifikia mchezo wa kuamua. Kihara alikuwa na mia moja na ishirini na moja. Akarusha, akapata themanini na tano, na mimi katika kutoa nikasahau kukopa moja, nikaandika arobaini na sita mahali pa thelathini na sita. Naapa lilikuwa kosa. Munyao akaja kurusha, na wakati vishale vyake viko hewani nikaliona, na chaki ilikuwa mkononi mwangu, na kufuta tarakimu moja si kazi ya hata nukta mbili, na sikufuta. Munyao akabakiwa na thelathini na mbili. Kihara akasogea kwenye mstari, akakodoa macho kupitia moshi wa sigara, akauliza, "Nasir, nimebaki ngapi?"

Nikamtazama, nikasema, "Arobaini na sita."

Dabo ya kumi na nane ilikuwa dabo yake, angeipiga hata ukimwamsha usingizini, na vishale vitatu vilikuwa mkononi. Badala yake akatafuta kumi ili abakiwe na thelathini na sita, ambayo kumbe alikuwa nayo tayari. Kishale kikateleza kwenye kumi na tano. Cha pili akapiga kumi na tano nyingine, zikabaki kumi na sita. Cha tatu kikagonga waya wa dabo ya nane, kikaanguka sakafuni. Munyao akamaliza kwa kishale chake cha pili. Labda Kihara angekosa hata thelathini na sita. Sitajua kamwe, kwa kuwa mimi ndiye niliyehakikisha kwamba haitajulikana.

Nilifuta ubao kwa kiganja kabla mtu hajausogelea. Kihara akanishika mkono. "Si neno, Baba Zeinabu," akasema. "Ubao haudanganyi."

Agosti tulipobomolewa, yeye ndiye aliyekuja na pikapu yake kubeba mabati yetu hadi kituo cha basi, akatoa suti akavaa ovaroli, akapakia kwa mikono yake. Nilikaa naye mbele nusu saa nzima na sikusema. Munyao alikwenda ng'ambo, nikaona picha yake gazetini. Kihara hakurusha kishale tena. Husema mkono wake ulimsaliti.

Sasa mwezi uliopita bintiye, Muthoni, ameniandikia. Siku ya Jamhuri watafanya mashindano Kawangware, na baba yake ameamuru kombe liitwe kwa jina langu, kombe la mwenye chaki mwaminifu, niende nilikabidhi. "Mzee," anaandika, "baba anasema uje moja kwa moja. Kuna chumba Kabiro amekuwekea, ukae hapa na watu wako. Anasema hajaona mtu mwingine wa ukweli kama wewe." Mke wangu Sitelbanat amezikwa huku, Zeinabu ameolewa, na hakuna usiku ninaolala bila kupita kwanza katika vijia vya Makina, mlango kwa mlango, ingawa najua penye mlango wangu sasa ni sebule ya mtu. Nataka kurudi, Mama. Je, niende ninyamaze, Kihara afe akiwa na rafiki mwema? Au niseme, nimvunje moyo mzee aliyeniamini?

Nasir Fadlalla


MAMA SHIVACHI ANAJIBU

Mzee Nasir, pole kwa nyumba. Kwa hilo lingine sina pole ya kukupa, na nadhani hukuandika karatasi zote hizi ili uipate.

Unajua vizuri sana kuhesabu, kwa hivyo tuhesabu. Kukosea kutoa ni kosa la kila mwanadamu. Mimi mwenyewe hukosea sokoni kila wiki. Kunyamaza wakati Munyao anarusha, hapo tayari ni wewe. Kujibu "arobaini na sita" ukimtazama machoni mtu anayekuuliza kwa sababu anakuamini, huo ni uongo, na hakuna notisi ya kuhama inayouhalalisha. Utani wake ulikuwa mbaya. Ungemtukana palepale, mngepatana kabla ya magharibi.

Unasema ukweli utamvunja moyo. Mzee wangu, moyo wake ulivunjika Julai 1971. Miaka kumi na saba ameulaumu mkono wake usio na hatia, na wewe ukamwacha aulaumu. Anayelindwa na ukimya huu ni nani, yeye au wewe?

Basi fanya hivi. Usiende kwenye mashindano hayo ukasimama mbele ya umati ukatubu. Watu watakupigia makofi kwa ujasiri wako, na Kihara atabaki amekaa pale kama mjinga. Mwandikie yeye, wiki hii, ukurasa mmoja. Weka namba zote. Utani wa shamba usiutaje mwanzoni, maana utakuwa umeugeuza kisingizio; ukiweza usiutaje kabisa. Mwambie jina lako litolewe kwenye kombe. Kuhusu chumba usiombe wala usikatae, mwachie mwenyewe, kwa sababu alimpa mtu mwaminifu ambaye hajawahi kuwepo. Akikuita baada ya kusoma, panda basi la asubuhi. Asipokuita, usimwandikie mara ya pili kumbembeleza.

Na usiniandikie mimi tena kabla hujamwandikia yeye.


Eldama Ravine, 19 Novemba 1988

Mama Shivachi,

Nilimwandikia siku tatu baada ya jibu lako kuchapishwa. Utani sikuutaja. Nimepata majibu, aliyasema yeye na Muthoni akayaandika kama yalivyotoka, nami nayanakili kwa kuwa wasomaji wako wawili wameniuliza.

"Nasir. Barua yako nimesomewa mara mbili. Kukosea hesabu, hiyo ni ya kila mtu, na ningejua ni hiyo tu ningecheka. Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuuliza na mdomo yangu na ukanijibu. Halafu nikakubebea mabati na ukanyamaza. Nimekusamehe, nimeambia hata mama watoto, na hiyo mkono yangu nimeitazama sana wiki hii. Lakini usikuje. Siwezi kukaa na wewe mezani nikikuuliza kitu, nianze kujiuliza kama jibu ni ya ukweli. Kombe tumeipatia jina ingine. Chumba amechukua shemeji yangu. Salimia Zeinabu."

Muthoni ameongeza mstari wake chini: baba yake ameteremsha vishale vyake vya zamani kutoka juu ya kabati, na jioni hurusha peke yake kwenye ubao aliouning'iniza uani.

Nilitamani kujibu, nikakumbuka ulivyoniagiza, nikaiacha kalamu. Zeinabu anasema nisubiri, kwamba wazee hubadilika. Nimemwambia asinifungie mzigo wa safari. Kihara amesema neno lake waziwazi, na ni haki yake.

Nairobi sitarudi.

N. F.