Maelezo ya Pili ya Dereva Zaidi Kuhusu Gari Lililokwama Njia ya Mtunda

KITUO CHA POLISI KIBITI
MAELEZO YA SHAHIDI (YA NYONGEZA)

Jina: Zaidi Mudathiri Mkumba
Umri: Miaka 52
Kabila: Mndengereko
Dini: Muislamu
Kazi: Dereva
Makazi: Kibiti
Tarehe: 10/05/1996, saa 3:15 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nilitoa maelezo ya kwanza hapa siku ya Jumanne, tarehe 07/05/1996, na kwa maelezo yale fundi Bashiru Dadi yumo mahabusu mpaka sasa. Maelezo yale hayakuwa kweli. Naomba yaandikwe haya, naye atoke leo.

Nimeendesha gari miaka ishirini na sita. Kumi na saba kati ya hiyo niliendesha Landrova ya ushirika, hadi nilipopunguzwa kazini mwaka 1993. Landrova ile ukivuta gia ya fowili, magurudumu yote manne yanavuta, basi, huna la ziada la kufanya. Mwezi wa kwanza mwaka huu Bwana Haruni, mnunuzi wa korosho hapa Kibiti, aliniajiri kuendesha gari lake la Kijapani, lililotumika, alilolinunua Dar es Salaam. Magurudumu yake ya mbele yana vizibo katikati, vya kuzungushwa kwa mkono, vyenye maandishi ya Kiingereza. Sikujua kazi yake na sikuuliza. Dereva mzima kama mimi nimuulize nani? Gari lilikuwa linatoka kwenye kila tope, nikaona vile vizibo ni urembo wa Wajapani.

Mnamo tarehe 04/05/1996, Jumamosi, saa 4:00 asubuhi, nilikwenda kulichukua gari kwa Bashiru, ambaye alikuwa amebadilisha beringi za mbele. Bashiru ni kijana wa miaka kama ishirini na nane, ufundi kausomea Dar es Salaam. Aliniambia, "Mzee, vile vizibo vya mbele nimevifungulia, gari lisile mafuta bure. Ukifika kwenye tope, shuka kwanza uvifunge, ndiyo uvute fowili." Nilimjibu kwamba mimi nilishika usukani yeye angali ananyonya. Waliokuwepo gereji walicheka, nami nikacheka nao. Ukweli ni kwamba sikuelewa alichosema, nikaona haya kumwambia arudie mbele za watu.

Mnamo tarehe 06/05/1996, Jumatatu, nilipeleka mifuko ya salfa ya mikorosho Mtunda. Nilipomaliza kushusha, saa 7:20 mchana, alinijia mkulima wa huko, Mshamu, akaniomba nimpeleke mkewe Hadija kituo cha afya Kibiti. Alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga, Bi Mwantumu, alisema mtoto amekingama tumboni na si kazi ya mikono yake tena. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, na Bi Mwantumu akakaa naye. Mshamu alikaa mbele na mimi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nusu saa nyingi tutakuwa Kibiti.

Saa 7:50 tuliingia kwenye bonde la udongo mweusi, gari likazama. Nilivuta fowili na taa yake ikawaka, lakini gari halikusogea. Nilishuka nikamwambia Mshamu akanyage mafuta kidogo, nikaona magurudumu ya nyuma yanazunguka na ya mbele yamesimama kimya. Nilirudia mara nne, nikijua kuwa ni yaleyale. Nilikata matawi nikayatia chini ya matairi, nikapunguza upepo, nikachimba kwa jembe mpaka viganja vikachunika. Nilifungua hata bomba la mafuta nikalipuliza kwa mdomo, na hiyo haikuwa na maana yoyote, nilitaka tu nionekane nafanya kitu.

Bi Mwantumu aliteremka, akaangalia, akaniuliza, "Baba, mbona haya ya mbele hayafanyi kazi?" Nilimwambia mambo ya gari amwachie dereva, yeye amtazame mgonjwa. Wakati huo nilikuwa nimesimama na mguu wangu uko juu ya gurudumu la mbele.

Saa 9:30 Mshamu alikimbilia kijijini, akarudi na wanaume sita na kitanda cha kamba. Walimbeba Hadija kwa zamu, kiasi cha kilomita tisa, nami nikabaki na gari. Walifika kituo cha afya saa 12:15 jioni. Mama ni mzima. Mtoto alikuwa wa kiume na alizaliwa amekwisha kufa. Nimeambiwa mganga wa kituo alisema wangewahi kwa saa mbili, mtoto angeweza kuokoka.

Asubuhi yake nilifika Kibiti, na wote waliniuliza gari lilikuwa na nini, na ilinibidi niwe na jibu. Nikasema Bashiru ametoa gia za difu ya mbele, zile zinazozungusha magurudumu, akaziuza. Nilisema hivyo kwa Bwana Haruni, nikasema kwa Mshamu, kisha nikaja kusema hapa. Askari walikuta kwake gia kuukuu, kama zilivyo kwa kila fundi, wakamkamata. Wakati ule niliyaamini maneno yangu, au nilijitahidi kuyaamini.

Mnamo tarehe 08/05/1996, Jumatano, saa 5:00 asubuhi, nilikuwa nimerudi bondeni peke yangu kulinda gari. Nikawa nakwangua tope kwenye magurudumu, na mkono ukashika kile kizibo, kikazunguka. Yale maneno ya gereji yalinirudia yote. Nilikifunga, nikafunga na cha pili, nikapanda, nikavuta fowili. Gari lilitoka mara moja, hata halikulalamika. Nilikaa kwenye usukani nikalia kama mtoto. Kisha nilinawa uso, nikaenda Kibiti, nikamwambia Bwana Haruni kuwa ardhi imekauka. Hakufungua difu kutazama kama gia zimo, aliniamini. Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi, lakini mimi nilipanda, nikampakia na mke wa mtu.

Jana, tarehe 09/05/1996, saa 10:00 alasiri, Mshamu alikuja nyumbani kwangu. Alisema leo baada ya sala ya Ijumaa wazee watasoma Albadiri, imwangukie aliyemuua mwanawe, na anataka nihudhurie niitikie amina. Aliniambia, "Mzee Zaidi, wewe ulipambana mpaka mikono ikatoka damu. Utakaa karibu yangu." Alinishika mkono huuhuu wenye vidonda akanishukuru. Nilimwambia nitakuja.

Afande ameniuliza kama nimekuja kwa kumwonea huruma Bashiru. Ningependa iandikwe hivyo, ila si kweli. Nimekuja kwa kuogopa Albadiri, maana najua itampata nani. Bashiru amelala sakafuni siku tatu, mbili kati ya hizo nikiwa najua hana kosa, na huruma haikunileta. Naona aibu kwa hilo kuliko yote niliyoyasema. Nimemwomba afande atume mtu akamwambie Mshamu. Amesema huo ni mzigo wangu. Nitakwenda kabla ya adhuhuri.

Niliyoyasema ni haya, nimesomewa nikayasikia, na safari hii hakuna neno la kuondoa.

Sahihi ya shahidi: Z. M. Mkumba

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Salumu, na kumsomea shahidi, naye akakiri ni sahihi. Mkuu wa kituo ameyapitia na kuamuru Bashiru Dadi aachiwe. Shahidi aliomba akae chumba cha ndani mpaka mtu huyo aondoke, sikumruhusu. Bashiru alielezwa sababu ya kuachiwa kwake, akatoka saa 5:10 asubuhi. Alipofika kwenye benchi la shahidi alisimama, akamwamkia shikamoo. Shahidi hakuitikia.