Lugembe Alivyombeba Shemeji Yako

Ipole, Sikonge,
11 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Katarina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mtwara? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima na mvua zinanyesha vizuri. Simu zangu zinaita tu, hupokei, ndiyo maana nimeandika. Nimekukumbuka sana. Juzi nilipika michembe ya viazi vikavu na karanga, nikajikuta nimekupakulia na wewe.

Mume wangu Nikolaus alianguka mwishoni mwa Novemba akitundika mzinga wa nyuki juu ya mti, akavunjika mguu. Hospitali walimfunga plasta, wakamwambia asiukanyagie kwa miezi miwili. Nililia. Mahindi yalikuwa hayajapandwa, na peke yangu siwezi kumnyanyua.

Wanajumuiya wenzetu wa kanisani wakaja kulima. Unajua Nikolaus ndiye mwenyekiti wetu. Amezoea kupanga zamu za kusaidia wengine, kusaidiwa hajui. Alilala amegeukia ukutani, hata kuwasalimu hakutaka.

Aliyekuja kila asubuhi ni jirani yetu Lugembe. Mwaka jana Nikolaus alisema mbele ya jumuiya nzima kwamba Lugembe ni mlevi, hafai kusoma somo la Biblia katika sala zetu. Kumbe mwenzetu alikuwa ameacha pombe tangu Pasaka. Hata hivyo alikuja, akambeba mgongoni mpaka bafuni, akamwogesha, akamrudisha kitandani, ndipo akaenda shambani.

Wiki ya tatu niliwasikia nikiwa jikoni.

"Lugembe, nilikuonea mbele za watu," Nikolaus alisema.

"Shika shingo vizuri, mwenyekiti. Hapa pana utelezi."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Ningekuwa na kinyongo nisingekuja."

Jumamosi iliyofuata Nikolaus aliomba apelekwe jumuiya. Alikataa kiti alichowekewa mbele, akaketi mkekani pamoja nasi, akaungama kosa lake kwa watu walewale waliomsikia siku ile. Kisha akampa Lugembe Biblia asome. Lugembe alisoma polepole, na hakuna aliyemharakisha.

Katarina, tangu pale moyo wangu haujatulia. Siku ya kuanua matanga ya mama nilikwambia, mbele ya shangazi zetu, kwamba umekuja kama mgeni, mazishi yamekwisha. Sikukuuliza ulikwama wapi njiani. Uliondoka asubuhi bila kuniaga, na huu ni mwaka wa tatu. Nilikukosea, mdogo wangu. Shangazi nao nimewafuata mmoja mmoja nikawaambia hivyohivyo. Nisamehe.

Shangazi Consolatha wa Cheyo anakusalimu, Nikolaus pia. Sasa anatembelea fimbo. Mungu awalinde nyote na awafungulie njia ya kuja. Na kama njia bado ni ngumu, niandikie hata mstari mmoja, nijue tu kwamba mimi bado ni dada yako.

Ni mimi nikupendaye,
Magreth