Mluzi wa Marehemu

Mjukuu wangu Khasoa,

Hatujambo, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kama ndoa hii mpya imenisahaulisha babu yako.

Wikendi ilikuwa raha tupu! Jumamosi nilifuma vitambaa na wenzangu, Jumapili tukaenda sherehe ya ubatizo Iguhu. Mume wangu, kipenzi cha roho yangu, akapiga shiriri yake ya uzi mmoja. Ghafla nikausikia wimbo ambao marehemu alinipigia mluzi nje ya ua wetu nikiwa msichana. Sikuwahi kumwimbia mtu wimbo huo.

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Unauimbanga ukilala. Kwa sauti ya mwanaume."

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa, mpenzi. Halafu nikaona, kama hatoki, heri nijue wimbo wake."

Tunakusalimu sote watatu.

Kukhu wako