Krimu Imeenda Bungoma

Kitale, Jumatatu jioni, Agosti 2006

Mvua imenyesha tangu mchana na bado inanyesha. Mlima haujaonekana leo wala jana. Nimewasha jiko la makaa sebuleni, si kwa ajili ya kupika, ni kwa ajili ya ukuta. Kuna ukuta mmoja hapa uliopakwa rangi juzi ambao hautaki kukauka, na mimi nimeketi mbele yake kama mtu anayengoja mgonjwa aamke. Dirisha nimeliacha wazi nisije nikafa kwa moshi kabla ya harusi yangu.

Moyo uko sawa. Sikudhani ungekuwa.

Wale wachache mnaonisoma mnajua nyumba hii nilikuwa naiuza. Kwa aliyefika leo: mimi ni Nasimiyu, nina miaka arobaini na mitatu, nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka la mtu hapa mjini. Nyumba niliijenga mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye barabara ya Saboti, kabla sijajua kama kuna mwanamume atakayenitaka. Sebule, vyumba viwili vya kulala, jikoni. Ni ndogo, lakini ukifunga mlango hakuna wa kukuuliza ulikuwa wapi.

Mwanamume alipatikana. Anaitwa Barasa, analima miwa kule Kabuchai, Bungoma, na alifiwa na mkewe miaka kadhaa iliyopita. Alikuja dukani kununua mbegu za mahindi, akarudi kununua nyingine, akaendelea kurudi hata mahindi ya watu yalipokuwa yamefika magotini. Hapo hata bosi wangu alielewa. Harusi ni Desemba.

Mpango ulikuwa huu: niuze nyumba, pesa ifungue duka la mbegu pale sokoni Myanga. Duka langu, si la mtu. Ni mpango mzuri, na mimi mwenyewe ndiye niliyeutaja kwanza, kwa hivyo sina wa kumlaumu.

Broka wa nyumba alikuja mwanzoni mwa mwezi. Sebule yangu ilikuwa ya kijani, kijani cha parachichi. Chumba changu ni cha manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Jikoni ni rangi ya mafuta ya samawati hadi kiunoni kwa sababu ya masizi. Rangi hizo nilizichagua siku moja nikiwa na furaha sana, nikazipaka mwenyewe nikiwa nimefunga kitambaa kichwani. Broka alisimama katikati ya sebule akakohoa. Kisha akaniuliza, kwa heshima zake zote, kama nina watoto wadogo.

Nilipomwambia sina, akatoa ushauri wake. "Madam, paka krimu kila mahali. Mteja akiingia asikuone wewe. Ajione yeye."

Nimeuza vitu miaka mingi, najua alikuwa anasema ukweli. Nikaenda duka la rangi nikapewa kadi ya kuchagulia. Kumbe krimu si moja! Kuna inayoelekea manjano, kuna inayoelekea kijivu, kuna ambayo muuzaji mwenyewe alishindwa kueleza inaelekea wapi. Zote niliziona kama chai ya nyumba mbalimbali, huyu ametia maziwa, yule ameyanyima. Nikabeba mikebe midogo mitatu, nikapaka mistari ukutani nyuma ya mlango wa sebule, nikaitazama asubuhi na nikaitazama taa ikiwa imewashwa.

Ya kwanza ilinifanya nionekane mgonjwa. Ya pili ilikuwa ya hospitali yenyewe. Ya tatu haikuwa na kosa, na haikuwa na jambo lolote lingine pia. Nikachagua hiyo. Nilinunua ndoo kubwa ikaletwa hadi mlangoni, na nilipoitazama pale sebuleni nikajikuta sina raha. Nikajiambia ni uchovu.

Haukuwa uchovu.

Wacha niliseme hapa, kwa sababu kwingine sijalisema. Mwezi wa saba nilienda kwa Barasa mara ya kwanza kuiona nyumba nitakayoishi. Ni nyumba nzuri ya matofali, kubwa kuliko yangu, na mwenye nyumba ni mtu safi. Lakini sebule yake ni rangi ya ndani ya pera, kuta zote nne. Marehemu mkewe, Mama Nekesa, ndiye aliyeichagua. Barasa alinieleza kwa fahari kwamba kila Desemba hununua rangi ile ile na kuipaka upya kabla binti yao Nekesa na nduguze hawajaja Krismasi. Vitambaa alivyofuma marehemu bado viko juu ya viti, vimefuliwa na kupigwa pasi. Picha yake iko juu ya kabati, mama mwenye uso mpana anayeelekea kucheka.

Nilikunywa chai, nikasifu chai.

Niliporudi Kitale nikampigia shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi humwita Senge. Nilitaka anisifie mchumba. Yeye akaniuliza swali moja tu, kwa lafudhi ya nyumbani. "Huyo mwanaume atakujengea, ama utarara kwa nyumba ya marehemu?"

Kwetu mwanamke hukandika nyumba yake kwa mikono yake, na anayekuja baada ya mwingine hujengewa yake. Ndivyo Senge alivyolelewa. Nikamwambia hayo yalikuwa mambo ya nyumba za udongo, hii ni ya matofali. Akasema, "Hata tofari riko na mwenyewe." Nikacheka, nikamuuliza habari za ng'ombe.

Tangu siku hiyo nililala vibaya. Huku nilikuwa najifuta ukutani ili mgeni aje ajione. Kule hakukuwa na ukuta wenye alama yangu hata moja. Na kama mambo yangeharibika, ningerudi wapi? Kwa kaka zangu, na begi, katika umri huu?

Niliogopa. Hilo ndilo neno lake.

Na bado sikumwambia Barasa. Nilimwambia tu aje Jumamosi anisaidie kupaka, kwa sababu broka alikuwa na mteja wa kumleta wiki hii.

Alikuja asubuhi na mapema, na jogoo, na mfuko wa gunia wenye kitu kizito ambacho sikukiuliza. Mimi Jumamosi hufanya kazi nusu siku. Nikamwachia ufunguo, brashi, rola na ile ndoo ya krimu, nikamwambia aanze na sebule, nikaenda dukani kuwauzia watu dawa ya kupe.

Nikarudi mchana na mvua. Mlango ulikuwa wazi ili rangi ipate hewa. Ukuta wa mbele, ule unaokutazama ukiingia, ulikuwa wa rangi ya pera.

Barasa alikuwa amesimama juu ya kiti changu, rangi hadi masikioni, anaimba wimbo wa kanisani. Baadaye nilikuja kuelewa hesabu yake. Kwenye simu nilimwambia ni ndoo moja, akaona krimu haitatosha nyumba nzima, na kwake kulikuwa na mkebe uliobaki wa Desemba. Akaubeba kwenye gunia ili kuniokolea gharama. Mtu ametoka na mkebe Kabuchai hadi Kitale kwa nia njema kabisa.

Lakini mimi, pale mlangoni pa nyumba niliyoijenga mwenyewe, nikiwa na mwavuli na kilo moja ya nyama, nilijikuta nimesema, "Hodi."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe.

Barasa akacheka. "Ati hodi? Sasa unapiga hodi kwako?"

"Hapa si kwangu," nikamwambia. "Hapa ni kwa Mama Nekesa."

Aliacha kucheka. Akageuka, akautazama ukuta alioupaka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuiona rangi hiyo nje ya nyumba yake. Akashuka kitini polepole. Akaivuta ile ndoo ya krimu, ambayo alikuwa hata hajaifungua, akaikalia. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu sana, hata tungesema tusingesikizana.

Ilipopungua akasema kwamba yeye alifikiri rangi ni rangi tu. Nikamuuliza, kama ni rangi tu, kwa nini Desemba hupaka hiyo hiyo. Alifuta mikono kwenye suruali, akaiharibu suruali.

"Nikiacha kuipaka," akasema, "naona ni kama nimemwambia atoke."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Nilikuwa na maneno, niliyatunga mwezi mzima nikipima mbegu. Yakaisha. Nilimwonea huruma, na nikajionea huruma mimi pia, na nikaona kwamba sitaki mwanamke huyo atolewe. Aliitunza nyumba hiyo, alimtunza mtu huyu hadi mimi nikamkuta akiwa mzima na mwenye adabu. Nilichotaka ni mahali pa kuweka kiti changu.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na la pili, kabla ujasiri haujaniishia.

"Nyumba hii siiuzi, Barasa."

Aliuliza habari ya duka la Myanga. Nikamwambia duka litangoja, tutalijenga kwa miwa na mshahara wangu hata likichelewa. Nyumba nitaipangisha, au nitaifunga tu na kuja kufungua madirisha mara moja moja, lakini ibaki na jina langu. Niliogopa tena, mnajua. Mwanamume akisikia mchumba wake anabakiza nyumba, anaweza kusikia kwamba anabakiza mguu mmoja nje. Na pengine ni kweli ninaubakiza. Sikumdanganya kwamba siubakizi.

Akauliza, "Na wewe? Unakuja?"

"Nakuja," nikasema. "Lakini hiyo unayoikalia itangulie."

Alichukua muda kuelewa ninamaanisha ndoo. Kisha akainuka, akaitazama, akasoma karatasi yake kama mtu anayesoma dawa. Akasema krimu si rangi mbaya. Nikamwambia ni mbaya sana, haina mtu ndani yake, na ndiyo sababu inafaa. Sebule yake kule Kabuchai ikae na krimu kwanza, isiwe ya marehemu wala yangu. Nikishaishi ndani yake nitajua inataka nini.

Akauliza Nekesa atasema nini akija Krismasi. Hapo nilimpa jibu nililokuwa nalo bila kujua: aache ukuta mmoja, ule wenye kabati na picha. Huo aupake pera kila Desemba kama kawaida yake, na mwaka huu nitamshikia kiti apande. Macho yake yalijaa machozi. Nikaenda jikoni kuikata nyama ili apate nafasi ya kuyafuta.

Jana baada ya kanisa aliondoka na ndoo. Mzee wa kanisa mzima, amevaa suti, na ndoo ya rangi mkononi barabarani. Watu wa Saboti wamepata habari ya wiki.

Leo asubuhi nilimpigia broka nikamwambia nyumba haiuzwi. Hakufurahi. Alisema mteja wa kweli hapatikani kila siku, na alisema kweli, na kwa dakika chache niliona duka langu la Myanga likisogea mbali na rafu zake zote. Liliniuma. Bado linauma kidogo ninapoandika.

Baada ya kazi nilichukua msumari wa zamani, nikaupigilia ukutani, nikaitundika saa yangu niliyokuwa nimeishusha kwa ajili ya rangi, pale pale ilipokuwa. Ukuta huu wa pera nitaurudisha kijani, lakini si wiki hii. Wacha ukauke kwanza. Tangu Jumamosi Mama Nekesa ni mgeni wangu, na nakiri ni mgeni mzuri, hana maneno. Taa ikiwashwa rangi yake inapendeza kuliko nilivyotaka kukubali. Alikuwa na macho.

Muda mfupi uliopita Barasa amepiga simu. Amepaka kuta tatu, ameacha ule wa picha. Anasema sebule imekuwa kubwa na sauti yake inarudi, na kwamba alikaa kidogo nje kabla ya kuweza kuingia tena. Sikumwambia ajikaze. Nikamwacha aseme.

Halafu akasema, kwa wasiwasi, kwamba pera bado inachungulia chini ya krimu. Hajui kama amekosea.

Nikamwambia hajakosea, ndivyo inavyokuwa. Kijani changu pia kinachungulia chini ya mistari ya krimu, hapa nyuma ya mlango. Asiiguse usiku huu, aiache ikauke, na kesho aongeze mkono wa pili wa rangi.