Kilima Nilichoshukia Njiani

Na wewe ulisema nitaishia kukaa kwenye keria ya baiskeli kama mkungu wa ndizi! Shikamoo, dada Adelina. Naendesha mwenyewe, na Deus wangu yuko nyuma na baiskeli yake ananisifu mpaka naona aibu.

Jana tulipita njia ya hifadhi hapa Kyerwa, ile wanayotumia waenda kwa miguu na baiskeli pamoja. Ukungu ulikuwa bado bondeni, swala wanatutazama. Chini ya kilima Deus akasema, "Mke wangu, ukifika juu bila kushuka, nakupeleka kwenu Igurwa mwezi huu huu. Ukishuka, tunasubiri Krismasi."

Nilikanyaga, dada! Zimebaki mita chache tu, mara akatokea bibi mmoja na fimbo yake, anatembea na wajukuu. Ningempitaje bibi wa watu nimekaa juu ya baiskeli? Nikashuka, nikapiga magoti, nikamwamkia huku machozi yananilenga.

"Omugole, unalia nini?" Alijuaje kuwa mimi ni bibi harusi? Nikamweleza. Akamnyooshea Deus fimbo. "Wewe mwanaume, ameshuka kwa ajili yangu, siyo kwa ajili ya kilima. Mpeleke kwao!"

Deus akacheka, akanikumbatia mbele ya wajukuu wote. Nampenda, dada, hadi najishangaa!

Nisalimie watoto, uwaambie mama yao mdogo hajaanguka hata mara moja. Wewe andaa matoke na maharage. Mwezi huu hauishi hatujafika hapo, kila mtu na baiskeli yake.

Mdogo wako, Jovina