Uliyoyaona Kabla ya Asubuhi Ile

Ushirombo,
12 Juni 2022

Mkwe wangu mpendwa, Mama Wema,

Hujambo mwanangu? Na mjukuu wangu, kile kikohozi kimepoa? Mimi natembea, ila magoti ndiyo yanagoma. Nimekupigia simu hupatikani, ndipo nikaamua kuandika. Katekista wetu anakuja semina Kahama, ameahidi kuiacha barua hii parokiani kwenu Kagongwa.

Tangu tulipomzika mumeo ukaondoka na mtoto, nyumba hii imekuwa kubwa. Nasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Majirani walikuja wiki ya kwanza tu. Sasa wanasalimia kutoka barabarani wakipita, maana hawajui wanipe pole kama mama wa aliyeuawa au wanikwepe kama mama wa aliyeua. Na mimi ni wote wawili.

Juzi nilikwenda mahabusu Geita kumwona Kalisti. Usiichane barua hapa, mwanangu, soma hadi mwisho. Amekonda sana. Aliniuliza kama kaka yake ameshatoka duarani, kule chini ya mgodi, maana zamu yake imepita na yeye ana wasiwasi huenda udongo umeporomoka.  Nikamwambia ajitahidi kula.

Leo sina ombi. Nataka tu kujua kama mnalala.

Mama yako,
Mama Ansgar


Ushirombo,
3 Oktoba 2022

Mkwe wangu Suzana,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Ile ya kwanza sikupata jibu. Huenda haikufika, au ilifika.

Safari hii nina neno. Kalisti amepewa wakili, binti mmoja mpole anaitwa Lusia. Alinikalisha kwenye benchi nje ya mahakama akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Alisema, "Mama, kifo ni kimoja lakini sheria inaangalia moyo wa aliyeua." Akikusudia kuua, hayo ni mauaji, na adhabu yake ni kunyongwa. Akiua bila kukusudia, kwa mfano amechokozwa ghafla hasira zikampanda, atafungwa miaka ambayo jaji ataona inafaa. Halafu kuna la tatu. Kama ugonjwa wa akili ulimfanya asijue anachotenda, au asijue kuwa ni kosa, jaji atasema mkono ni wake, lakini hatia hana. Hapo anapelekwa hospitali.

Sheria inaanza kwa kudhani kila mtu ana akili timamu. Anayesema hakuwa nazo ndiye wa kuthibitisha. Kalisti wamempeleka Dodoma madaktari wamchunguze. Lakini madaktari wanamwona leo, hawakuwepo kule machimboni Kharumwa mwezi wa tatu. Wewe ulikuwepo. Mliishi naye nyumba moja miezi saba. Upande wa Serikali watakuita kama shahidi wao, na Lusia naye atakuuliza.

Sikuombi useme uongo. Nakuomba useme yote.

Mama yako,
Mama Ansgar


Kagongwa,
20 Oktoba 2022

Shikamoo Mama.

Barua zote mbili zilifika. Wema hajambo.

Nitasema nilichokiona. Niliona shemeji amesimama nyuma ya mlango na nyundo ya kuvunjia mawe. Ansgar alikuwa anaingia kunywa uji. Alimsubiri, Mama. Mtu anayesubiri anajua anasubiri nini. Halafu akaenda kunawa mikono na kuificha nyundo kwenye pipa la maji. Kichaa gani anaficha nyundo?

Usiku na mchana naisikia sauti ya kikombe kikianguka. Wewe una mtoto hai wa kupigania. Mimi wangu ameisha.

Naomba usiniandikie tena.

Suzana


Ushirombo,
8 Januari 2023

Mwanangu,

Salamu za mwaka mpya. Umenikataza kuandika na ninaandika. Ukinilaumu una haki, lakini kuna jambo nikifa nalo nitakuwa nimekuibia.

Kalisti aliugua mara ya kwanza akiwa kidato cha tatu. Alisikia watu wakimsema ndani ya ukuta. Nilizunguka naye kwa waganga mwaka mzima, mwisho padri akanishika mkono akanipeleka hospitali, akapewa vidonge, akatulia. Mimi nikawaambia watu ilikuwa malaria, ilimpanda kichwani. Niliogopa atakosa mchumba, niliogopa ukoo utachekwa. Alipotaka kumfuata kaka yake machimboni nilimfungia vidonge kwenye nguo, nikamwambia asimwonyeshe mtu. Ansgar alijua. Wewe nilikuficha. Nilikuletea mgonjwa chini ya paa lako, nawe una mtoto mdogo, nikanyamaza.

Kwa hiyo nikikuomba useme yote, na mimi nimeanza. Nimemweleza Lusia, ameandika. Ila anasema neno la mama peke yake ni jepesi, kila mama humtetea mwanawe. Ripoti ya Dodoma imekuja na inasema alikuwa mgonjwa, lakini wakili wa Serikali atasema alikuwa amegombana na kaka yake, akakasirika, akapanga.

Nisamehe, au usinisamehe.

Mama yako,
Generosa


Kagongwa,
15 Machi 2023

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Jana tumemwombea Ansgar misa ya mwaka. Wema aliuliza kwa nini bibi hakuja. Ni mimi ambaye sikukualika.

Barua yako nimekaa nayo miezi miwili. Kwanza nilikuchukia. Halafu nikaona nakuchukia ili nisijitazame mimi mwenyewe.

Hukuniambia, lakini nilikuwa na macho. Wiki ile shemeji hakulala. Alitumbukiza redio kwenye ndoo kwa sababu ilikuwa inamtaja jina. Aliziba dirisha kwa viroba. Chakula changu hakugusa mpaka mimi nionje. Siku moja kabla, aliniita jikoni akaninong'oneza, "Shemeji, yule si kaka. Kaka bado yuko chini. Yule amevaa sura yake tu, na atawamaliza wewe na mtoto." Alikuwa anatetemeka, machozi yanamtoka.

Unajua nilifanya nini? Sikumpeleka zahanati. Nilimwambia Ansgar, "Amua leo, abaki yeye au nibaki mimi." Ansgar akamwambia afungashe, asubuhi apande gari arudi kwako. Huo ndio ugomvi wanaousema.

Sasa unaona. Nikisema mahakamani alikuwa mwovu, mimi ni mjane tu. Nikisema alikuwa mgonjwa, basi mimi ndiye niliyeuona ugonjwa nikaufukuza. Sijui nitasema lipi.

Mkweo,
Mama Wema


Geita,
2 Septemba 2023

Mayu, shikamoo. Unaendeleaje na homa? Nimeambiwa na Wakili Lusia kuwa umelazwa, ndiyo maana sikukuona. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii.

Nilisimama kwenye kizimba cha mashahidi saa mbili nzima. Nilieleza mlango, nyundo, pipa. Kisha Lusia akasimama akaniuliza, "Kabla ya asubuhi ile, uliona nini?" Nikasema yote. Redio, viroba, jikoni. Na maneno yangu kwa Ansgar nikayasema, mbele ya watu, huku mama yangu mzazi amekaa nyuma yangu.

Wakili wa Serikali akaniuliza, "Uliyesema ulimwona akificha nyundo, sasa unataka mahakama iamini hakujua kosa?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, aliificha ili kile kitu kilichovaa sura ya kaka yake kisiamke kikaichukua. Ndivyo alivyokuwa anasema huku ananawa. Mwanzo sikutaka kulikumbuka hilo."

Leo jaji amesoma hukumu. Amesema imethibitika Kalisti ndiye aliyemuua Ansgar, lakini hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Hatanyongwa. Hakupewa miaka, wala hakuachiwa. Atakaa hospitali Dodoma chini ya ulinzi, na siku ya kutoka haijapangwa.

Walipokuwa wanamtoa aligeuka. Dawa zimemrudisha, Mayu, macho ni yale ya zamani. Akaniuliza, "Shemeji, ni kweli nilimuua kaka?" Askari wakasimama kidogo. Nikamjibu, "Ni kweli." Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Sijui kama nilifanya vema kumjibu.

Binti yako,
Suzana


Ushirombo,
11 Februari 2024

Suzana mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi nimepona, nimebaki na udhaifu tu. Mvua zimenyesha vizuri, mahindi yamenipita kimo na hakuna wa kunisaidia kupalilia.

Nilikwenda Dodoma. Tulikaa kwenye benchi uani, muuguzi kando. Kalisti amenenepa, anafagia wodi, anasaidia wenzake kuandika barua. Anakumbuka kila kitu sasa. Alisema heri wangemfunga, kifungo kina tarehe. Halafu akaniuliza, "Mama, mahakama imesema sina hatia. Wewe unasemaje?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, hilo halikuwemo. Nilimtazama mikono. Nikamwambia sijui. Nikamwambia nitarudi Pasaka. Akasema, "Haya, mama." Tukakaa hivyo mpaka muda ukaisha.

Wewe ulifanya vema kumjibu. Mtu mwingine angemdanganya, naye Kalisti angebaki anamsubiri kaka yake.

Nasikia kuna mtu anakuja kwenu kukuposa, mwalimu wa Nyahanga. Wanaonieleza wanadhani nitaumia. Mwambie nimempa baraka, na Wema ajifunze kumwita baba bila kuogopa.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho, mwanangu. Si kwa hasira. Kila ninapoandika nakurudisha mlangoni pale, naona hata kwenye mwandiko wako. Mlango wangu uko wazi kwenu siku zote, lakini sitakuita. Ukikaa kimya, nitajua mnaendelea vizuri.

Mama yako,
Mama Ansgar na Kalisti