Laini ya Bimkubwa

Shatha, pokea simu! Basi soma, na mwambie kakaako alete gari hapa Madungu upesi.

Wamempiga mtu mbele ya genge langu. Jino lake limeangukia kwenye nyanya zangu, wallahi!

Kaja kununua muhogo, kanilipa kwa simu. Ujumbe ukaingia, natazama jina la aliyetuma: BIMKUBWA JARIBU HAMAD. Bimkubwa! Na yule ana ndevu mpaka kifuani!

Nawe juzi tu umeibiwa simu yako ya zamani hapa hapa.

Nikamuuliza, "Simu ya nani hiyo?" Akasema, "Yangu." Nikapiga ukelele: mwizi wa simu!

Neno moja tu, Shatha. Wakamvamia kwa mateke, kwa mawe ya mizani, kwa kila walichokishika. Yeye analia tu, "Laini kasajili mama! Laini kasajili mama!" Nani amsikilize?

Sasa wamekimbia wote. Kalala miguuni mwangu, hatikisiki.

Simu yake ikaita, kioo kimejaa damu. Nikapokea.

"Mwanangu, ni mie mamaako, napiga kwa simu ya jirani. Muhogo umepata?"

Shatha, bado yuko hewani. Anasema, "Mbona hunijibu?"